Hedi ya lori la Deo Narayan

Lori la Deo Narayan lilianza kukata pumzi kwenye mwinuko wa Vunikavika, hapa kwetu Fiji, msimu wa miwa ukiwa umepamba moto. Likipanda na mzigo, injini iligonga kama kuna mtu ndani anatwanga, mpaka Deo akalazimika kushusha nusu ya miwa kando ya barabara ndipo lisogee. Fundi wetu alikuwa ameenda harusini Suva, na kiwandani hawamsubiri mtu.

Kesho yake akaja Josefa na mkoba wa spana. Josefa ndiye aliyemwoa Ranjini, binti wa Deo, na Deo hakumtaka kwa sababu si Mhindi mwenzetu. Tangu waoane hakuwahi kumsemesha. Mimi ni jirani. Nilikuwa uani kwa Deo, nikisubiri miwa yangu ibebwe.

"Nani kakutuma?" Deo akauliza.

"Hakuna, Baba. Jana nimesikia lori linavyolia. Ni masizi hayo, yamejaa kwenye hedi."

"Masizi yako jikoni kwa mkeo."

"Huko nako yapo," Josefa akasema, akafungua boneti.

Deo hakumfukuza. Walipolegeza nati zote wakainyanyua pamoja hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, maana chuma kile si cha mtu mmoja. Upande wa chini, penye valvu, masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa wali. Josefa akaziba matundu ya maji na ya oili kwa vitambaa ili uchafu usidondokee ndani, akalowesha ukoko kwa mafuta ya taa. Deo akashika bisibisi.

"Baba, hiyo itachubua." Akampa kijiti cha mti mgumu, kimechongwa ncha bapa.

"Unanifundisha lori langu?"

"Lori lako. Likichubuka, utamlaumu nani?"

Deo akakipokea akinung'unika. Wakakwangua hadi jua likawa la utosi, vichwa vya pistoni vikaanza kung'aa. Deo alipochomoa vitambaa, kimoja kikamsimamisha: kilikuwa cha maua ya njano.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Gauni la Ranjini la zamani. Siku hizi linambana."

"Linambana nini?"

Josefa akaendelea kufuta valvu. "Ana mimba, Baba. Kubwa tu."

"Mbona hajaja kuniambia?"

"Hilo mwenyewe unalijua."

Deo akatandika gasketi mpya ya kuziba maungio, akaisawazisha kwa vidole polepole, kisha wakairudisha hedi na kuikaza.

Jioni tulipeleka miwa yangu. Mwinuko wa Vunikavika tuliupanda bila injini kugonga hata mara moja. Wakati wa kurudi, Deo akakata kona kuelekea kwa Josefa bila kuniuliza, akasimama nje ya uzio huku injini inanguruma. Hakushuka. Alitazama mlango tu.

Ranjini akatoka, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Baba, zima injini. Unamaliza mafuta bure."

Deo akazima.