Mama Mkwe Alipong'oa Nyaya

Mama mkwe alipokuja kukaa kwao baada ya kupasuliwa jicho, alipewa chumba kilichopakana na chumba cha kazi cha mke wa mwanawe. Hakukuwa na kingine. Mkwe alimweleza mapema kwamba kazi yake ni kutengeneza milio ya michezo ya redio na ya matangazo, na kwamba kuna siku mlio mmoja hurudiwa tangu asubuhi hadi jioni.

"Kutakuwa na kelele kidogo, Mama."

"Nimelea wavulana watano," mama mkwe akajibu. "Wewe kelele gani utanionyesha?"

Mashine yenyewe ya kutengenezea milio ilikuwa sinthesaiza ya zamani, kubwa, imeegemea ukuta kama kabati. Mbele ilikuwa na vifundo vya kuzungusha na matundu mengi, na kutoka tundu hadi tundu zilining'inia nyaya za kila rangi. Ukichomeka waya hapa, mlio unatetemeka. Ukiuhamishia pale, unakohoa. Haikuwa na kumbukumbu kama kompyuta. Mlio uliishi kwenye nyaya na vifundo vilivyo, na ukivuruga hivyo basi umeshaupoteza. Pembeni yake palikuwa na mashine ya ngoma, kisanduku chenye vitufe vya mpira, kilichoweza kupiga mdundo mmoja bila kuchoka hadi umeme ukatike. Mume, ambaye ni mpima ardhi na wakati huo alikuwa mbali akipima barabara, aliiita ile sinthesaiza "mke mwenzio". Akipiga simu huuliza, "Hamjambo wote wawili?"

Siku hizo mkwe alikuwa akitafuta mlio wa pampu. Ulikuwa mchezo wa redio kuhusu wachimba madini waliofukiwa chini, na pampu ya maji ilipaswa kusikika nyuma ya mazungumzo mwanzo hadi mwisho. Mtayarishaji alikwenda kurekodi pampu ya kweli, ikawameza waigizaji wote. Alitaka kitu kinachosikika kama pampu lakini kinachowapisha watu waongee.

Mkwe alihangaika nacho kwa siku kadhaa. Mdundo aliuchukua kwenye mashine ya ngoma, akaupitisha kwenye chujio la sinthesaiza, ile sehemu inayokata ukali wa sauti, akaongeza mvumo kama wa upepo kwenye bomba. Hatimaye akaupata. Alimpigia mtayarishaji, akaisogeza simu karibu na spika, na mtayarishaji akasema, "Huo huo! Usiuguse!"

Hakuurekodi. Alitaka kwanza akachukue studio sauti za waigizaji, kisha aupige mlio chini yao huku akizungusha vifundo kwa mkono, pampu ichoke wanapochoka na ihangaike wanapogombana. Asubuhi akaiacha mashine inawaka, akapunguza sauti, akatoka.

Aliporudi, alikuta chumba kinanukia dawa ya kufutia vumbi. Nyaya zote zilikuwa zimetolewa. Zilikuwa zimekunjwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari, fupi kwa fupi, ndefu kwa ndefu. Vifundo vyote viling'aa, na vyote vilikuwa vimegeuzwa vikatazama juu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, bandeji kwenye jicho, kitambaa mkononi, amefurahi.

"Nimekusafishia, mwanangu. Vumbi lilikuwa limeanza kuota nyasi."

"Asante, Mama," mkwe akasema.

Akaingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akaliuma taulo. Kisha akampigia mumewe. Mume alipoelewa kilichotokea aliangua kicheko. "Mama kamng'oa mke mwenzio meno!" Mkwe akamkatia simu.

Mume alipoona amekatiwa simu, akajua mambo si mzaha, akampigia mama yake. Huenda alifikiri anasaidia. Mkwe alipotoka bafuni alimkuta mama mkwe kando ya kitanda, begi limefunguliwa miguuni, anakunja khanga zake.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa binti yangu. Huko hakuna cha kuharibu."

"Mama, na hilo jicho?"

"Jicho ni langu, nitalibeba." Aliendelea kukunja. Kisha akaketi na khanga mapajani. "Ungenigombeza hapo hapo. Kuliko kuniambia asante ukaenda kulia kwenye maji, halafu nisikie kwa mwanangu aliye porini."

Mkwe alijua ni kweli. Akaketi kwenye kiti.

"Kwa nini ulizitoa?" akauliza, na sauti yake safari hii haikuwa na adabu nyingi.

Mama mkwe akamtazama kwa jicho moja. "Wewe unajua nilifanya kazi gani kabla sijaolewa?"

"Posta."

"Posta, lakini si kuuza stempu. Nilikuwa kwenye simu. Ukuta mzima wa matundu mbele yangu. Mtu anapiga, nachomeka waya, namuunganisha na anayemtaka. Wakimaliza, natoa. Zamu ikiisha, ukiacha waya hata mmoja umechomekwa, msimamizi anakuita mbele ya wenzako, kwa sababu hiyo ni laini umeiziba, kuna mtu hapati simu. Leo nimeingia kufuta vumbi, nikaona nyaya zimejaa na mtu hayupo, na kitu kinakoroma peke yake. Nikajua umesahau. Mikono ikaanza yenyewe." Akaishika khanga vizuri. "Nilifurahi, nikuambie ukweli. Miaka mingi sijashika waya."

Mkwe akacheka kabla hajajizuia, ingawa hasira ilikuwa bado ipo.

"Mlio ule ulikuwa ukiusikia kupitia ukutani?"

"Ningeacha kuusikia vipi? Hata chai niliinywa kwa mdundo wake."

"Basi acha begi. Njoo tuutafute tena, uniambie ulivyokuwa."

Wakaanza baada ya chakula cha mchana. Kwenye simu yake mkwe alikuwa na picha ya nyaya, lakini aliipiga kabla mlio haujakaa sawa, na nusu ya vifundo ilikuwa imefichwa na nyaya zenyewe. Akachomeka kwa kufuata picha. Kikatoka kitu kama cherehani.

"Hapana," mama mkwe akasema.

Akazungusha, akahamisha, akapunguza mwendo wa mashine ya ngoma.

"Hapana. Ule ulikuwa unavuta pumzi mara mbili, unatoa mara moja."

"Una hakika?"

"Mimi nililala kitandani nimefungwa jicho, wewe ulikuwa unazunguka na vikombe. Nani alikuwa akiusikiliza?"

Mkwe akaufuata ushauri huo. Ukakaribia, ukatoroka. Kila alipodhani ameufikia, mama mkwe alitikisa kichwa: una ukali mno, una haraka mno, sasa umekuwa mbuzi. Mkwe akaanza kuchoka. Mwisho aliinuka kujinyoosha mgongo, na mama mkwe akasogeza kiti chake mbele, akagusa kifundo kimoja.

"Hiki cha nini?"

"Kinafungua na kufunga chujio. Zungusha tu, hakiumi."

Mama mkwe akakizungusha kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetafuta stesheni ya redio. Mlio ukashuka, ukawa mzito, ukasita juu kidogo, kisha ukajiachia kwa mluzi mwembamba. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba mkwe wako huyo!"

"Nani?"

"Marehemu! Alikuwa anakoroma hivi hivi, na huo mluzi mwishoni! Wallahi ni yeye!" Akacheka hadi akashika bandeji, akihofia jicho. Mkwe naye akacheka, akajikuta amekaa sakafuni. Walipotulia, mlio ulikuwa ukiendelea, na mkwe akatega sikio upya. Pampu ile haikufanana na ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa chuma kinachofanya kazi. Hii ilikuwa kama kitu kilicholala huku kikifanya kazi.

"Usiguse kitu," akasema, akakimbilia kinasa sauti.

"Unataka kumpeleka mume wangu redioni?"

"Kwa ruhusa yako."

Mama mkwe akafikiri. "Alipenda sifa," akasema. "Mpeleke."

Safari hii alirekodi kwanza, kisha akaurekodi tena, sauti za waigizaji zikiwa juu yake. Mama mkwe alivaa hedifoni, akawa anainua kidole pampu ilipowaziba watu. Mara nyingine walikubaliana na mara nyingine mkwe alikataa, kwa kuwa kazi ilikuwa yake.

Mtayarishaji aliusikiliza kesho yake studio, mikono kifuani.

"Huu si ule."

"Si ule," mkwe akakubali. "Ule ulipotea."

"Ule ulikuwa mzuri zaidi." Akarudia kipande cha mwisho, pale pampu inaposimama na wachimbaji wanatazamana. "Ila hapa huu unanitisha zaidi. Sijui. Muda hatuna, twende nao."

Mkwe aliumia, maana hata yeye alijua ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Alimwambia mama mkwe ukweli huo huo bila kuupunguza makali, na mama mkwe akasema pole, safari hii kama mtu anayempa pole mwenzake wa kazi.

Mchezo uliporushwa, walikaa jikoni na redio katikati ya vyombo. Mama mkwe alikuwa amempigia dada yake, na simu ikawa imelazwa mezani, laini wazi, dada akisikiliza redio yake huko kwake. Pampu ilipoanza kuvuta pumzi, sauti ya dada ikatoka kwenye simu: "We! Mbona kama shemeji?"

"Nyamaza, sikiliza mchezo," mama mkwe akamwambia, na hakumwangalia mkwe kwa sababu alikuwa anajifuta uso.

Jicho lilipopona hakuondoka mara moja. Alisema anasubiri mwanawe arudi, na mwanawe aliporudi akasema anasubiri miwani. Wakati huo mkwe alikuwa amepata tangazo la magodoro, na alikuwa amefungua mashine ya ngoma akijaribu mdundo. Mama mkwe aliingia bila kubisha, akasimama nyuma yake, akasikiliza.

"Huo ni wa nini?"

"Magodoro, Mama."

"Mtu atalala saa ngapi hapo?" akasema, akavuta kiti.