Baridi Juu ya Vibuyu

Tangu Ijumaa baridi iliikaba Ohio kana kwamba Aprili haikuwa imeingia, na ndani ya vibuyu vyeupe vilivyotundikwa kuwa viota kwenye mlingoti wa Mahlon Yutzy, mbayuwayu wa zambarau walikuwa wakifa kwa njaa. Walikuwa wamesafiri kutoka Brazili. Lakini ndege hawa hula wadudu warukao tu, na katika baridi ile hakuna mdudu aliyethubutu kuruka.

Ilikuwa Jumapili. Kanisa lao halikuwa na jengo, waliabudu majumbani kwa zamu, na zamu ya leo ilikuwa ya nyumba yake. Wahubiri walikuwa wamepanda chumba cha juu kushauriana, huku waumini chini wakiuvuta wimbo wa sifa polepole kuwangojea. Kupitia dirishani Mahlon aliona ndege akidondoka majanini asiinuke. Mwaka mmoja baridi iliwamaliza mbayuwayu wa baba yake, na mlingoti ukabaki mtupu hadi mzee yule alipozikwa.

Akanyanyuka, akaingia jikoni.

"Delila, nikaangie mayai. Yavuruge, usitie chumvi."

"Sasa hivi, mume wangu? Watu wanaimba!"

"Ndege wanakufa."

"Si jana uliwawekea kwenye sinia, wakakutazama tu kama maharusi?"

Alisema kweli. Hilo lilikuwa kosa la Mahlon, kwani mbayuwayu hatambui chakula kilichotulia. Sharti kiwe hewani.

Mayai yalipoiva Mahlon akatoka na sahani, akasimama chini ya mlingoti, akarusha vipande vya yai kwa kijiko. Vilipanda kidogo, vikaanguka. Akarusha tena. Ndege walijikunyata, wala hawakugeuza shingo.

Dirisha la juu likafunguka. Ndevu za Askofu Ura zikatokeza.

"Ndugu Mahlon! Leo siku ya Bwana unafanya sarakasi?"

"Wanakufa, Askofu."

Askofu akavitazama vibuyu, vilivyokuwa usawa wa macho yake, karibu avishike.

"Unarusha kama mtu anayemwaga maji ya vyombo," akasema. "Niletee hiyo sahani."

Mahlon akapanda ngazi mbio. Kipande cha kwanza cha askofu kilikwenda kombo. Cha pili kikapita mbele ya dume mzee mweusi. Dume akatikisa kichwa. Cha tatu kilipopita akajitupa, akakidaka.

"Amekula!" Mahlon alinong'ona.

"Nimeona. Shuka ukamwambie kiongozi wa wimbo asiwe na haraka."

Chini, Mahlon alimwinamia kiongozi sikioni. Ubeti uliofuata ukavutwa taratibu hata watoto wakageuka kutazama. Nje ndege wa pili alidaka, kisha jike mmoja, kisha wakawa wanagombania.

Wimbo haukuweza kuvutwa milele. Askofu alishuka, makombo ya yai kwenye mkono wa koti, akafungua Maandiko. Mahlon hakusikia neno. Vibuyu vya upande wa kaskazini havikuwa vimetoa ndege hata mmoja, na theluji ilikuwa imeanza kudondoka.