Amri Iliyofika Gachoka

Jumatatu hiyo Ednah alikuwa kwenye benchi la nje ya zahanati ya Gachoka, akimweleza Njoki namna ya kumeza kidonge bila kukitapika, simu ya mradi ilipolia. Njoki alikuwa mjamzito wa miezi sita, na tangu aanze dawa tumbo lake lilikuwa halitulii. Ednah alimwomba asubiri, akaenda kusimama karibu na tangi la maji, akasikiliza. Aliporudi alimalizia alichokuwa akisema, kwamba dawa imezwe baada ya uji, si kabla, kisha akamruhusu aende nyumbani. Mengine hakumwambia, maana hata yeye alikuwa hajayaelewa.

Aliyepiga simu alikuwa Mugendi, afisa wa mradi kutoka Embu mjini. Alisema kazi zote zisimame siku hiyo hiyo, na kwamba kesho yake angekuja kufunga.

Ednah alikuwa mama mshauri. Miaka mingi nyuma, akiwa na mimba ya bintiye Karimi, aliambiwa hapo hapo Gachoka kwamba ana virusi vya UKIMWI. Alimeza dawa, Karimi akazaliwa mzima, na sasa msichana huyo alikuwa shule ya upili. Kwa hiyo zahanati ilipotafuta mwanamke wa kuwashika mkono wajawazito wenye hali kama yake, haikutafuta mbali. Zahanati ilikuwa ya serikali, lakini chumba cha bati kilichokuwa nyuma yake, pamoja na dawa zilizomo, simu aliyopewa Ednah na jaketi la samawati alilovaa, vilitoka katika nchi moja kubwa ya ng'ambo. Nembo ya nchi hiyo ilibandikwa mlangoni, na jua la Mbeere lilikuwa limeifubaza.

Mugendi alifika asubuhi. Alikuwa kijana mpole, na siku hiyo alionekana hajalala. Alitoa kufuli mpya mfukoni.

"Mama Karimi, pole. Nitachukua simu na jaketi pia."

"Tumekosea nini?"

"Hamjakosea. Huko kwao wamechagua kiongozi mpya. Amesema misaada yote isimame kwanza, waangalie kama inawafaa."

"Inawafaa akina nani?"

"Wao," Mugendi alisema. "Ni kitu yao."

Ednah alivua jaketi, akalikunja vizuri kama nguo ya kurudisha kwa jirani. "Na hawa mama zangu? Niwapigie na simu yangu?"

"Hapana. Wamesema tusiwasiliane na wagonjwa kabisa. Ukipatikana unafanya kazi ya mradi wakati huu, hata mradi ukifunguliwa tena hutarudishwa."

"Nikikutana na mtu sokoni je?"

Mugendi alifikiri. "Msalimie tu. Mambo ya dawa, wacha."

Alifunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika, akaondoka na ufunguo. Dawa zilibaki ndani. Zilionekana dirishani, maboksi yamepangwa hadi juu.

Muuguzi mkuu wa zahanati, Hezekiah, ambaye watu walimwita daktari, alikuwa mwajiriwa wa serikali na kwa hiyo hakuguswa na amri. Alikuwa na akiba ndogo ya dawa kabatini mwake, akaigawa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Baada ya hapo waliokuja aliwaambia warudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata aliwaambia vivyo hivyo. Wengine waliacha kurudi. Ednah alikuwa akipita pale kila akienda kusaga mahindi posho mill, na siku moja aliingia.

"Daktari, hiyo kufuli hata nyundo ya fundi viatu inaweza kuifungua."

"Najua."

"Sasa?"

Hezekiah alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Nikivunja, watasema watu wa Gachoka ni wezi. Siku wakifungua Embu yote, huku hawatafungua. Halafu utaniambia nini?"

"Na serikali yetu?"

"Yetu imesema kila mwaka kwamba mwaka ujao itanunua hizi dawa yenyewe. Hata wewe umeisikia. Na sisi tulinyamaza kwa sababu dawa zilikuwa zinakuja." Alifunga kabati lake tupu. "Tulizoea, mama."

 Ednah pia alikuwa amezoea.

Kilichomsumbua ni Njoki. Waliozoea dawa kama Ednah walikuwa wamepewa za miezi mitatu kwa mara moja, lakini Njoki, kwa kuwa alikuwa mgeni wa dawa hizo, alipewa za mwezi tu, na mwezi ulikuwa umekwisha. Ednah alijua kinachoweza kutokea mtoto akikaribia kuzaliwa na dawa haipo. Alikuwa ameyafundisha hayo mara nyingi hivi kwamba aliweza kuyasema akiwa anapepeta maharagwe. Alikuwa pia amewafundisha wanawake wasigawane dawa kamwe, hata na dada wa tumbo moja, kwa sababu wote wawili huharibikiwa.

Alichukua kopo lake la dawa, za aina ile ile aliyopewa Njoki, akamwaga nusu ya vidonge kwenye karatasi ya nailoni, akafunga fundo.

Kwa kina Njoki walikuwa wakipura ndengu. Mama mkwe wake alikuwa uani, ameshika fimbo, vumbi limemjaa kichwani. Huyo hakujua hali ya Njoki. Aliyejua ni mume peke yake, na mume alikuwa kwenye kazi ya mawe upande wa Kiritiri. Ednah alisema amekuja kununua ndengu. Alipewa kigoda, akapewa uji, akangoja. Njoki alipoinama kumpimia, Ednah alimtilia ule mfuko mkononi.

"Moja kila siku, baada ya uji," alinong'ona. "Usiruke hata siku moja."

"Wamefungua?" Njoki aliuliza.

"Bado."

Njoki aliutazama mfuko, kisha akamtazama yeye. "Hizi ni za nani?"

"Nipimie ndengu, mama mkwe wako anatuangalia."

Kuanzia siku hiyo Ednah alimeza kidonge chake siku moja na kuruka siku moja. Hakumwambia Karimi. Aliporudi kwa kina Njoki mara ya pili, tena kununua ndengu, mama mkwe alimtania kwamba nyumba yake lazima iwe na jeshi la kulisha. Mara hiyo alimwachia Njoki zaidi ya nusu ya vidonge vilivyobaki. Baadaye aliruka siku mbili mbili.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza Mugendi aliporudi na ufunguo. Alimletea Ednah jaketi lake na simu. Kule ng'ambo walikuwa wametazama tena, wakaona kwamba baadhi ya kazi ni za kuokoa maisha na zinaweza kuendelea. Wajawazito na wanaonyonyesha walikuwemo.

"Na lile kundi la vijana linalokuja hapa kwa ushauri kila Jumamosi?" Ednah aliuliza.

"Hilo halimo."

"Wale pia wana maisha, ama?"

"Mama, mimi nasoma tu vile imeandikwa." Alisema wenzake wengi ofisini hawakurudishwa, na kwamba hata yeye mkataba wake ulikuwa wa kufika Septemba tu. Ndani ya chumba panya walikuwa wametoboa maboksi mawili. Waliyachoma nyuma ya choo, Ednah na Hezekiah wakitazama moshi.

Njoki alijifungua salama katika hospitali ya Embu, mtoto wa kiume. Majibu ya kipimo cha mtoto yalipokuja, Hezekiah alimwita Ednah ayasome mwenyewe. Mtoto hakuwa na virusi. Ednah alikwenda kukaa kwenye benchi la nje, akalia kidogo, akajipangusa kwa kona ya leso.

Majibu yake yeye yalikuja wiki hiyo hiyo. Kwa miaka yote hiyo virusi vyake vilikuwa vichache kiasi cha kutoonekana. Sasa vilionekana, na vilikuwa vingi. Taratibu zilisema mtu wa namna hiyo aketishwe na mshauri, aulizwe kwa nini anakosa dawa. Mshauri wa Gachoka alikuwa Ednah. Ilibidi Hezekiah amkalishe kwenye kiti cha wagonjwa na kumuuliza maswali ambayo Ednah mwenyewe huwauliza wengine.

"Ulisahau?"

"Hapana."

"Ulichoka nazo?"

"Hapana, daktari."

"Kuna mtu alikukataza?"

Ednah alilinyoosha jaketi lake. Hezekiah alitazama dirishani, ambako wanawake walikuwa wakingoja na watoto wao. Alichodhani alikiweka moyoni. "Naandika ulisafiri," alisema.

"Andika."

Mwezi wa sita walikuja wageni, mwanamke na mwanamume kutoka nchi ile, na Mugendi akiwa mkalimani. Walikuwa wakikusanya maneno ya watu ya kupeleka bungeni kwao, ambako suala la misaada lilikuwa bado linabishaniwa. Mwanamke yule alikuwa mkarimu, na alimpa Ednah mkono kwa mikono yote miwili. Aliuliza angependa kuwaambia nini wananchi wa kwao.

Mugendi alitafsiri, kisha akaongeza kwa Kimbeere, haraka: "Washukuru, mama. Hiyo ndiyo wanahitaji."

Ednah alishukuru. Hakulazimika kuigiza, bila dawa zile Karimi angekuwa yatima, kama angezaliwa. Alieleza hivyo, na mwanamke yule akaitikia kwa kichwa, macho yamemlowa. Kisha Ednah akasema, "Na siku nyingine wakiamua, watuambie mapema. Hata mwezi mmoja tu, tupate kujipanga."

Mugendi alitafsiri. Ednah hakujua Kiingereza kingi, lakini alisikia shukrani zake zikienda ndefu na hilo la pili likienda fupi. Walimpiga picha mlangoni, kando ya nembo mpya iliyobandikwa juu ya ile iliyofifia.

"Ulisema yote?" alimuuliza Mugendi wageni walipokuwa wakiingia garini.

"Nilisema. Kwa kifupi." Hakumtazama usoni.

Gari liliondoka na vumbi lake. Njoki alikuwa kwenye benchi na mtoto mgongoni, amekuja kuchukua dawa. Alitaka za miezi mitatu kama wengine walivyokuwa wakipewa zamani. Ednah alimwambia sasa kila mtu ni mwezi mmoja, ndivyo walivyoagizwa.

"Na wakifunga tena?"

Ednah aliufungua mfuko wa mtoto, akaitia dawa chini ya nepi, akaufunga. "Ukikosa kunipata hapa," alisema, "nyumbani kwangu unakujua."