Majina Matatu ya Mzee Zabron

Queen alitamani kuizima ile kompyuta na kumtoa mgeni nje, viatu mkononi. Hapo sebuleni, mtaani Makorora, babu yake, Mzee Zabron, alikuwa ameinamia spika akijisikiliza, na kila alipofika penye jina la mtu, sauti yake ilikatika ukaingia mlio.

"Tulitoka Songea wanne. Tiii alikufa kwa homa. Tiii alikatwa mkono na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, damu ikakataa kukauka. Tiii..."

"Mashine yako imeharibika, mama," mzee alisema.

"Haijaharibika, babu," mgeni, Bronwyn, alijibu kwa Kiswahili chake cha darasani. "Nimeyafuta mimi. Kwa heshima."

Heshima! Queen akashika kichwa. Wiki nzima walikuwa pamoja, yeye akiuliza na kufafanua, Bronwyn akirekodi, wakikusanya habari za wazee waliotumikishwa kwenye mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza. Wiki nzima mgeni huyu aliomba ruhusa ya kila kitu, karibu hata ya kukohoa. Babu amechoka? Kinasa sauti kikae hapa au pale? Jambo moja la maana ndilo hakuliuliza.

Bronwyn akajieleza. Kwao Australia aliwahi kurekodi habari kama hizi za wenyeji wa asili, watu waliokuwapo kabla wazungu hawajawapora ardhi. Katika jamii aliyokaa nayo, kumtaja marehemu kwa jina ni kuwatonesha kidonda waliobaki. Alikosea siku moja, mama mmoja akaondoka analia, naye akaapa hatarudia.

"Huko ni huko, dada!" Queen alifoka. "Na mimi niliyekaa ubavuni mwako, nilikuwa pambo? Rekodi ya kwanza, yenye majina, iko wapi?"

"Nimeifuta pia. Ndiyo utaratibu. Niliogopa kuwaumiza ndugu zao."

"Ndugu gani?" Mzee Zabron aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Queen kuliko kama angefoka. "Walikufa vijana, hata kuoa hawajaoa. Kule shambani karani alituita kwa namba, na wenzangu wakazikwa kwa namba. Mimi nikifa, nani atajua waliitwa nani? Nimevumilia nyaya zako hizi kwa ajili yao tu. Nawe umewatoa."

Bronwyn akawa mwekundu mpaka masikioni. Akakurupuka kuwasha kinasa sauti. "Tuanze upya, babu. Tafadhali."

"Kizime," mzee alisema. "Hicho kinafutika. Sema wewe. Luka Komba."

"Luka Komba."

"Anold Mhagama."

"Anold Mahagama."

"Mhagama!" Queen alidakia. Mungu wangu, herufi mbili tu zinamshinda mtu mwenye digrii tatu! "M-ha-ga-ma!"

Bronwyn akarudia, akakosea, akarudia tena. Ilipotoka sawasawa, mzee alitikisa kichwa kukubali.

"Tadei Haule. Huyu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko sote, alikuwa akimlilia mama yake usiku."

Bronwyn alifungua mdomo, sauti ikagoma. Machozi yakamtiririka, akaanza kupekua mkoba kutafuta kitambaa. Queen akageukia ukutani. Na yeye alihitaji kitambaa, na hilo nalo lilimkasirisha.

Mzee Zabron hakuwa na muda wa machozi ya mtu.

"Mwambie atalia baadaye," alimwambia mjukuu wake. "Kwanza amtaje Tadei."