Risasi Iliyopanda Kilima kwa Miguu

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aje Wyoming, Marekani, nimwonyeshe tundu, atie kidole mwenyewe.

Asubuhi moja ya Februari, Verlin Stroud alilala kifudifudi juu ya theluji akimpima koyote kwa darubini ya bunduki. Koyote ndiye mbweha wa kule, mwizi wa kondoo. Huyu alikaa juu kabisa ya kilima, yadi mia sita na arobaini, nyuma yake mbingu tupu. Kwa masafa hayo Verlin hakutaka vile virisasi vyepesi vinavyopeperushwa na upepo kama makapi. Alichagua risasi za milimita sita, zenye kichwa kirefu na kizito, akazijaza baruti mwenyewe karakanani. Ila alifanya kosa ambalo kila mjaza risasi humkanya mwenzake: aliweka makopo mawili ya baruti mezani kwa pamoja, na mabaki ya kopo hili akayarudisha katika lile.

Akafyatua. Bunduki ikakohoa. Risasi ikatoka mtutuni, ikanyooka hewani, ikaenda zake kwa mwendo wa kondoo anayekula.

Verlin akaandika daftarini: "Polepole mno." Kisha akaifuata.

"Umempata?" mkewe, Ardith, aliuliza kwenye redio.

"Bado haijafika. Nimechanganya baruti."

"Si nilikwambia, we mzee! Makopo mawili, kichwa kimoja, tena chenyewe kibovu. Sasa iko wapi?"

"Hapa ubavuni mwangu. Tunapanda nayo."

"Na huko mbele kuna nini?"

Mnyama aliye juu ya kilima hapigwi, kwa kuwa hujui nyuma yake kuna nini. Hilo Verlin aliwafundisha wengi. Lakini nyuma ya kilima kile, watu wote walisema, hakuna mtu.

Akaikinga kwa kofia, ikatoboa kofia. Akaikinga kwa sepetu, ikatoboa sepetu. Koyote aliingoja mpaka ikabakiza hatua mbili, akainuka, akaipisha, akakaa tena.

Kutoka kileleni Verlin aliona inakoelekea. Bondeni kilisimama kibanda cheupe cha magurudumu, bomba likifuka moshi. Humo aliishi Teofilo Huaranca, mchungaji kutoka Peru, aliyechunga kondoo elfu moja wa Bwana Radke. Verlin akakadiria nusu saa. Akakimbia.

Teofilo alikuwa akimenya viazi. Alichungulia dirishani.

"Milimita sita hiyo," alisema.

"Sita. Toka, kaka! Nitaleta gari tukivute kibanda."

"Tajiri amekataza. Mwaka jana nilikisogeza hatua kumi kukwepa upepo, akasema nikirudia napanda ndege kurudi Peru."

Verlin akamwita Radke redioni.

"Kisisogezwe," alisema Radke. "Kondoo wamepazoea hapo. Mwambie ainamishe kichwa."

"Inapita usawa wa kitanda, Bwana Radke."

"Basi asilale."

"Umemsikia?" Teofilo alicheka kidogo. "Miaka minne na koyote wenu hawa, nimelala lini?"

Verlin akaonyesha nyuma ya kitanda. Mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa ukutani, kwenye mstari uleule. Kibanda kilikuwa hakisogei. Mtungi ilibidi usogee. Nati ilikuwa imeganda kwa baridi. Teofilo akashika spana, Verlin akaugandamiza mtungi kwa magoti. Spana ikateleza. Ubao wa ukuta ukaanza kulia, krrr, kama panya anayetafuna.

"Maji ya moto!"

Teofilo akamwaga birika lote. Ncha ya shaba ikachomoza ukutani, ikaingia kwenye mto wa kulalia, manyoya yakatoka upande wa pili. Nati ikazunguka mara moja, mara mbili. Wakaanguka na mtungi kifuani. Risasi ikapita juu yao bila haraka, ikatoboa ukuta wa pili, ikaendelea na safari.

"Moyo wangu," alisema Verlin, "naona umetangulia nayo."

Alasiri askari alikuja kuandika taarifa. Aliketi kitandani, juu ya manyoya, Teofilo akamtilia kahawa. Fomu iliuliza kama risasi imepita kwenye makazi ya watu. Askari akamuuliza Radke redioni.

"Huko haishi mtu," alisema Radke.

Askari akaandika: "Hakuna mtu."

"Sukari?" Teofilo aliuliza.

"Vijiko viwili."

Verlin alitazama sakafu, kisha akatia sahihi kama shahidi. Jumamosi alikuwa kwenye theluji ileile, na baruti ya kopo moja tu, akimpima koyote juu ya kilima kilekile.

Juzi nilimsomea Teofilo maneno haya. Alisikiliza hadi mwisho, ametulia.

"Mashahidi walikuwa wawili," alisema. "Umemtaja mmoja."

Wa pili ni mimi: siku ile nilitia sahihi chini ya Verlin. Nilirudi siku ya pili na gunia la unga na soksi mbili za sufu. Alizivaa palepale, akanishukuru, kisha akauliza kama nimekuja na ile karatasi ya askari nilifute jina langu. Nikamwambia iko mjini.

"Basi utaipitia ukienda," alisema.

Sijaenda bado.