Chini ya Mstari Mwekundu

Kila asubuhi, ikitimu saa moja na nusu, Borafya, karani mkuu wa chuo, alifungua daftari la mahudhurio, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari. Aliyetia saini juu yake kawahi. Aliyetia chini kachelewa, na akichelewa mara tatu kwa mwezi, jina lake hupelekwa kwa Mkuu wa Chuo. Hata kama umefiwa, mstari haujui matanga.

Chuo kilikuwa cha kufundishia walimu, ndani ya jumba kongwe la Mji Mkongwe, na makarani walitiwa juu kabisa, chini ya mabati. Jua likiwaka wanaiva; mvua ikinyesha maji yanadondokea kabati la majalada, ambamo zimo shahada za wanafunzi wote. Barua za kuomba fundi ziliandikwa hata waandishi wakachoka.

Bi Mwamvua, mpiga taipu, hakungoja majibu. Alileta karai lake na kanga kuukuu kutoka nyumbani, na mvua ikipiga alikuwa wa kwanza kupanda ngazi.

Asubuhi moja ya masika, mwaka wa sabini na moja, Borafya alifika akamkuta yupo. Pindo la gauni linachuruzika, amekumbatia majalada, anayahamishia chumba cha pili. Borafya hakumsaidia. Alikaa mezani pake, na saa ilipofika akapiga mstari. Bi Mwamvua alipomaliza alifuta mikono, akatia saini. Chini. Ilikuwa mara yake ya tatu. Mbili za mwanzo alichelewa kweli, kwa foleni ya mchele.

Siku hiyohiyo Mkuu alitaka jina. "Wakubwa wananiuliza nina wavivu wangapi," alisema. "Nikisema sina, nani ataniamini?"

Zama zile mtu hakupenda kuulizwa mara mbili. Borafya alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: alikuwepo kabla yangu. Hakuyasema. Aliogopa kuulizwa, na wewe ulikuwa ukimtazama tu? Akaandika jina. Bi Mwamvua akapewa barua ya kuachishwa kazi, akachukua karai lake, kanga moja akaisahau juu ya kabati. Asante ya punda mateke, na aliyepiga teke ni Borafya.

Baada ya wiki mbili mvua ikarudi. Makarani wote walikuwa wameshatia saini, juu ya mstari, wametulia kama watoto waliomwona mwalimu na bakora. Maji yakaanza kudondoka. Hakuna aliyenyanyuka. Borafya akamwita karani aliyekaa karibu na kabati.

"Usi, majalada yanarowa!"

"Nnayaona, Mzee Borafya," alijibu Usi, wala si kwa jeuri. "Lakini mie nshatia saini."

Borafya alibeba peke yake. Juu ya kabati aliikuta ile kanga, imeloa chapa, na haya zikampanda mpaka masikio yakawaka. Akalitia daftari kwapani, akateremka kwa Mkuu, akasema yote. Mkuu alimfokea mpaka akachoka, kisha akaifuta barua.

Alasiri alikwenda mtaa wa Malindi kwa Bi Mwamvua, akapiga hodi. Alikaribishwa vizuri, akatiliwa kahawa.

"Urudi kazini, Bi Mwamvua. Nshamwambia Mkuu kuwa kosa ni langu."

"Siku ile uliniona nnabeba?"

"Nilikuona."

"Na ulijua kama ndo mara yangu ya tatu?"

"Nilijua."

Hakugomba. Borafya alitamani angegomba. Alimwongezea kahawa tu, akasema, "N'takuja. Wanangu wanataka kula. Lakini nikifika, Mzee Borafya, n'tatia saini, kisha n'takaa."

Kesho yake ilinyesha tangu alfajiri. Saa moja na robo Bi Mwamvua aliingia, akaamkia, akaandika jina lake mstari wa kwanza kabisa wa daftari, akakaa, mikono juu ya mapaja. Juu ya kabati maji yalianza kudondoka. Borafya alimtazama, naye akamtazama. Kisha Borafya akavua koti, akaanza kubeba.