Gauni la Kufungulia Duka

Usinibetulie mdomo kama hujawahi kuona dada akimwonea wivu mdogo wake wa tumbo moja, fundi huyu wa nguo aliuona wivu wake mwenyewe akiwa amepiga magoti, pini sita mdomoni, akikunja pindo la gauni jekundu, na mdogo wake amesimama juu ya kigoda kama sanamu, gauni la kufungulia duka lake, tena duka kule kwenye jengo jipya nje ya mji, ngazi zinapanda zenyewe, vioo mpaka chooni, na mtaa huu wa mafundi umebaki na nani, kinyozi anayesinzia kwenye kiti chake mwenyewe... "Dada, cherehani yako nitaiweka kwenye dirisha la duka langu, watu wakuone unavyoshona," eti dirishani, yeye aliyemfundisha huyu kutunga uzi, aliyempiga rula vidoleni siku aliposhona mkono wa kulia kushoto, akalia mpaka kamasi zikadondokea kitambaa cha mteja... kituo cha mabasi kimehamia huko, benki imehamia huko, hata mke wa mwalimu, mteja wa miaka ishirini, jana kapita na mfuko wa huko akajifanya anatazama saa, na mkono hauna saa... angemjibu huyu jibu la kumkalisha chini, lakini pini, "Dada, mbona kiunoni linapwaya?" haliwezi kupwaya, hajakosea kiuno cha mtu tangu alipoanza kazi, "na chini linaburuta, utadhani umejishonea mwenyewe," akacheka yule, fundi akavuta futi shingoni, akapima, akapima tena, kiuno chake yeye fundi, urefu wake yeye, hata bega la kulia, lililoshuka kwa miaka ya kuinamia cherehani, kalishusha vilevile, wiki nzima mdomo unalitukana lile jengo na mkasi unamkatia yeye, kichwani yeye ndiye anayekata utepe mlangoni, yeye ndiye anayepigiwa makofi, kumbe alitaka, alitaka mpaka mkasi ukamuumbua... "Dada, umekasirika?" Akatema pini moja moja kiganjani. "Hili langu. Lako nitakukatia kesho." "Ee! Na sasa unakwenda wapi?" "Kuangalia hilo dirisha linapata mwanga upande gani, macho yangu si ya kuchezea." "Na mimi je?" "Simama hapo hapo, ukitikisika pini zitakuchoma," akatoka, akaufunga mlango.